Risasi, Mshale na Namba 46: Sitiari za Dawa Bebasumu za Saratani kwa Msikilizaji wa Kawangware

Utangulizi

Mtaa wa Kawangware uko magharibi ya jiji la Nairobi, umepakana na Lavington yenye nyua za maua upande mmoja, na Kangemi na Riruta pande nyingine. Redioni na hospitalini neno linalotumika ni saratani. Kwenye ploti za mabati watu husema kansa, tena kwa sauti ya chini.

Chukulia wanawake wawili wa ploti moja, wanaochota maji kwenye mfereji mmoja na kuanika nguo kwenye kamba moja. Wote wawili wamepatikana na saratani ya matiti, na wote hupanda matatu alfajiri kwenda kliniki katika hospitali ya rufaa. Wa kwanza ameandikiwa dawa itakayotiwa mshipani kila baada ya wiki 3, dawa ambayo ameelezwa kuwa "inalenga". Wa pili ameambiwa kwamba dawa hiyo haimfai, aendelee na kemo. Jioni anaketi mlangoni akiuliza: kwani mimi nilikosa nini? Majibu ya mtaani hayachelewi. Wapo watakaosema mwenzake anajuana na watu; wapo watakaolitaja kabila, na wapo watakaolitaja bahasha.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini swali lenyewe si la kubuni. Kwa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2020 nchini Kenya walipatikana wagonjwa wapya wa saratani 42,116, na waliokufa kwa ugonjwa huo walikuwa 27,092. Saratani ya matiti peke yake ilikuwa na wagonjwa wapya 6,799. Wengi wa watu hao huelezwa habari za miili yao kwa Kiswahili, ama na muuguzi, ama na mhudumu wa afya ya jamii anayepita mlango kwa mlango. Kila maelezo ya namna hiyo hujengwa kwa sitiari, mwelezaji apende asipende. Makala haya yanachunguza jinsi kundi moja la dawa mpya za saratani linavyobuniwa, na ni sitiari zipi za Kiswahili zinazoweza kulibeba jambo hilo bila kumdanganya msikilizaji.

Mwandishi wa Marekani Susan Sontag, katika kitabu chake cha mwaka 1978 kuhusu ugonjwa kama sitiari, alishikilia kwamba saratani ingetazamwa vyema zaidi ikivuliwa sitiari zote, hasa zile za vita. Hoja yake ina uzito kwa msomaji ambaye tayari ana lugha ya pili ya kisayansi ya kukimbilia. Kwa mwanamke wa pili wa ploti yetu, kuvua sitiari ni kumwacha na ukimya, na ukimya huo mtaa utaujaza kwa uvumi.

Risasi ya Ehrlich

Wazo la dawa inayolenga ni la zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20, mtafiti wa Kijerumani Paul Ehrlich aliwaza dawa ambayo ingemfuata mdudu wa ugonjwa na kumwacha mgonjwa mzima, akaifananisha na risasi ya kichawi. Sitiari hii imeenea duniani, na wafasiri wa Kiswahili hushawishika kuichukua ilivyo.

Wangefanya kosa. Katika Kijerumani cha Ehrlich, risasi hiyo imetoka katika ngano za wawindaji na ina raha ya ngano. Katika Kiswahili, uchawi ni tendo la kudhuru. Anayepona haponi kwa uchawi bali kwa uganga. Na risasi Kawangware si ngano. Neno hilo linapotamkwa mbele ya mama wa mtaa huo, linalomjia ni usiku wa polisi na vijana. Sitiari iliyokusudiwa kutuliza ingeanza kwa kutisha, na tena isingeeleza kitu, kwa kuwa risasi haina sehemu zinazofanya kazi tofauti. Dawa zinazozungumzwa hapa zina sehemu 3, na ubunifu wake wote uko katika namna sehemu hizo zinavyoshikana na kuachana.

Mshale na sehemu zake

Sehemu ya kwanza ni kingamwili. Mwili wenyewe huziunda protini hizi ili zinase vitu vigeni, na wanasayansi wamejifunza kuziunda katika maabara zinase kitu kimoja walichokichagua. Kitu hicho hapa ni kipokezi kiitwacho HER2, ambacho hukaa juu ya ngozi ya seli. Seli ya kawaida ya titi ina vipokezi vichache vya aina hii. Katika takriban asilimia 15 hadi 20 ya saratani za matiti, seli huwa navyo mara nyingi zaidi ya kawaida, na wingi huo ndio huzisukuma zigawanyike bila kikomo. Herceptin, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, ni kingamwili tupu inayonasa kipokezi hicho.

Sehemu ya pili ni sumu. Sumu zinazotumiwa ni kali kupita zile za kemo ya kawaida. Zikitiwa mshipani peke yake zingemuua mgonjwa kabla ya uvimbe. Sehemu ya tatu ni kinachozishikanisha hizo mbili. Wanafunzi wa isimu watatabasamu hapa, kwa sababu neno linalojileta kwanza ni kiunganishi, nalo limekwisha kutwaliwa na sarufi. Makala haya yanatumia kifungo: kitu kinachofunga na ambacho pia hufunguliwa.

Msomaji anayejua fasihi simulizi ya bara na pwani amekwisha kuona mshale wa sumu. Wawindaji wa Kikamba na wa Waata walichemsha vipande vya miti ya jenasi Acokanthera hata wakapata kitu cheusi mfano wa lami, wakakipaka nyuma ya kigumba. Kisha walikizungushia ukanda mwembamba wa ngozi. Ukanda huo ulikuwa na kazi mbili: kuilinda sumu isikauke na kupoteza nguvu, na kumlinda mwindaji mwenyewe asikwaruzwe nayo. Ulifunguliwa dakika za mwisho, mnyama akiwa karibu. Katika mishale mingi ya namna hiyo, kigumba hubaki mwilini mwa mnyama na uti ukaanguka.

Ufanano ni wa ajabu. Kingamwili ni uti unaofikisha, sumu ni ile lami, na kifungo ni ule ukanda. Hata suala la kiasi lipo. Mshale uliopakwa lami nene kupita kiasi ungekwenda upogo. Vivyo hivyo, kingamwili iliyobebeshwa molekuli nyingi mno za sumu hugandana na wenzake na huondolewa upesi katika damu, na iliyobebeshwa chache mno hufika bila kuua. Dawa iitwayo Kadcyla, ambayo kingamwili yake ni ile ile ya Herceptin, hubeba kwa wastani molekuli 3.5 za sumu kwa kila kingamwili. Enhertu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019, hubeba karibu 8, na iliwezekana kwa sababu wabunifu wake walipata kifungo na sumu visivyoiharibu tabia ya kingamwili.

Lakini sitiari nzuri hujulikana mahali inapogoma, na mshale unagoma mahali pawili. Kwanza, mshale huongozwa na jicho la mwindaji. Kingamwili haina jicho wala haiongozwi. Huzunguka na damu mwili mzima, ikigongana na maelfu ya seli, na hunasa pale tu inapooana na umbo; sehemu kubwa ya dozi haifiki kwenye uvimbe kamwe. Pili, hakuna mkono wa kuufungua ukanda. Kifungo kinatakiwa kikae imara katika damu kwa siku nyingi, kisha kijifungue chenyewe ndani ya seli iliyolengwa. Hapo ndipo ugumu wote wa ubunifu ulipo.

Sumu iliyotoka Shimba

Kuhusu sumu yenyewe ipo habari ambayo wasomaji wa Afrika Mashariki wana haki ya kuijua. Mwaka 1972, kundi la watafiti lililoongozwa na Morris Kupchan nchini Marekani lilitangaza kwamba limepata kitu kikali kiitwacho maitansini katika kichaka cha jenasi Maytenus kilichotoka Ethiopia. Kiasi kilichopatikana kilikuwa kidogo mno, chini ya gramu moja kwa kila tani ya mmea mkavu, na watafiti wakatafuta mmea mwingine wenye zaidi. Waliupata Kenya. Ulikuwa ni Maytenus buchananii, unaoota katika Milima ya Shimba, nchi ya Wadigo huko Kwale. Katika miaka ya 1970 zaidi ya tani 27 za kichaka hicho zilikusanywa kwa ajili ya taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani. Imeandikwa kwamba Wadigo walikuwa wakikitumia kutibu uvimbe, na kwamba ujuzi wao haukutajwa wala kulipwa.

Maitansini huzuia nyuzi ndogo ambazo seli huzihitaji ili igawanyike. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa, iliwadhuru kuliko ilivyowafaa, na majaribio yakasimamishwa. Ingeishia hapo, katika orodha ndefu ya sumu zilizoshindikana. Ila mwaka 1977 watafiti wa Kijapani waliripoti kwamba bakteria fulani hutengeneza vitu vya ukoo huo huo, na tangu hapo kichaka hakikuhitajika tena. Baadaye sumu ya ukoo wa maitansini ilifungwa kwenye kingamwili ya Herceptin, na kilichopatikana ndicho Kadcyla. Katika jaribio la wanawake 991 lililochapishwa mwaka 2012, waliopewa dawa hii waliishi kwa wastani wa miezi 30.9, ilhali waliopewa matibabu ya kawaida ya wakati huo waliishi miezi 25.1. Sumu ile ile iliyokuwa imeshindwa ilifaa ilipopewa ukanda.

Hapa Kiswahili kinasaidia kwa njia ambayo lugha nyingi za tiba haziwezi. Mchuuzi apitaye vichochoro vya Kawangware na kipaza sauti hutangaza dawa ya panya, dawa ya kunguni, dawa ya mende. Hakuna anayeshangaa kwamba kitu kinachoua kinaitwa dawa. Lugha imekwisha kukubali kwamba dawa na sumu ni kitu kimoja, na tofauti ni nani anayeinywa na kwa kiasi gani. Muuguzi hahitaji kumficha mgonjwa neno sumu. Anahitaji kulimaliza: ni dawa ya kuua seli zile, kama ile ya panya ilivyo ya panya.

Namba 46

Ili kuziba pengo la jicho na mkono, sitiari nyingine inaweza kuokotwa mtaani penyewe. Matatu ya namba 46 inajulikana na kila mtoto wa Kawangware. Gari hilo ni kingamwili, abiria aliye ndani ni sumu, mlango unaoshikiliwa na makanga ni kifungo, na kituo ni seli yenye HER2. Gari halimfuati mtu; linazunguka katika njia yake, na abiria anateremka pale tu kituo kinapofika. Sitiari hii inaeleza vizuri kuliko mshale ule mzunguko usio na jicho.

Inaeleza pia kushindwa. Kila abiria wa Nairobi anamjua makanga asiyesubiri kituo, anayewateremsha watu njiani kwa kuwa dereva anataka kugeuza gari. Mylotarg, dawa ya saratani ya damu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2000 na ambayo ndiyo ilikuwa ya kwanza ya kundi hili, ilikuwa na tatizo la jinsi hiyo. Kifungo chake hakikuwa imara, na sumu ilivuja kabla ya wakati. Iliondolewa sokoni mwaka 2010 baada ya jaribio kuonyesha madhara bila faida ya kutosha, ikarudishwa mwaka 2017 kwa dozi ndogo zaidi.

Na kipo kisa ambacho mshale wala matatu haviwezi kukibeba. Katika Kadcyla kifungo hakikatiki; seli humeza kingamwili nzima, huimeng'enya katika tumbo lake liitwalo lisosomu, na sumu inayobaki na kipande cha kifungo haiwezi kupenya kutoka nje kwa urahisi. Hufa seli iliyomeza, basi. Katika Enhertu kifungo hukatwa na vimeng'enya, na sumu iliyofunguliwa hupenya ukuta wa seli ikaziua na jirani zake, hata zisizo na HER2 ya kutosha. Mkazi wa mabanda hahitaji somo refu kulielewa hilo. Moto ukishika chumba kimoja cha mabati, cha pili hakiulizi kama kilihusika. Ila kwa mara moja moto huo unatakiwa, kwa sababu uvimbe si mji wa watu wa sura moja. Unatakiwa, na pia ni wa kuogopwa: katika jaribio la Enhertu lililotangazwa mwaka 2022, takriban asilimia 12 ya waliopewa dawa hiyo walipata uvimbe wa mapafu unaotokana nayo, na wachache walikufa. Mgonjwa anayetumia dawa hii akianza kukohoa au kukosa pumzi, hapaswi kungoja tarehe ya kliniki. Mwelezaji aliyeishia kwenye "dawa inayolenga" amemnyima taarifa ambayo ingeweza kumwokoa.

Jina na dozi

Wanaoona kwamba uundaji wa istilahi ni mchezo wa wasomi watafakari jambo hili. Jina la kitabibu la Herceptin ni trastuzumabu. La Kadcyla ni trastuzumabu emtansini. Herceptin hutolewa kwa miligramu 6 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa baada ya dozi ya kwanza, na Kadcyla kwa miligramu 3.6. Anayezichanganya anaweza kumpa mgonjwa sumu karibu maradufu. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipoidhinisha Kadcyla mwaka 2013 ilibandika mbele ya jina lake silabi mbili, ado-, ili macho ya mfamasia yakwame. Enhertu ilipofika ilipewa fam-. Kiambishi awali kimewekwa pale kuzuia kifo, jambo ambalo mwalimu wa mofolojia anaweza kulitumia darasani bila kutafuta mfano mwingine.

Kiswahili nacho hakiwezi kuridhika na kuziita zote dawa za kulenga. Istilahi inayopendekezwa hapa ni kingamwili bebasumu, kwa kuzingatia njia ya kuambatanisha kitenzi na nomino ambayo lugha imeizoea katika kinasasauti na kivunjajungu. Ina upungufu wa urefu, na mtaani huenda ikafupishwa ikabaki bebasumu. Hakuna ubaya, almuradi isichanganywe na kingamwili tupu. Neno chembe limeepukwa kwa makusudi katika makala haya, kwa kuwa kwa baadhi ni seli na kwa wengine ni ncha ya mshale, na sitiari ya mshale ingejikwaa papo hapo.

Tofauti hiyo ina uzito hata mfukoni. Mwaka 2025 ilitangazwa kwamba, kwa makubaliano ya serikali ya Kenya na kampuni ya Roche, bei ya Herceptin kwa kila awamu ya matibabu ingeshuka kutoka shilingi 120,000 hadi 40,000, na kwamba kiasi hicho kingelipwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii. Habari hiyo ilimhusu moja kwa moja mwanamke wa kwanza wa ploti yetu. Lakini makubaliano yalikuwa ya kingamwili tupu. Anayesikia redioni kwamba "dawa ya kansa ya matiti imeshuka bei" na akaelewa bebasumu, atasafiri hadi hospitalini na kurudi mikono mitupu.

Swali la jirani wa pili

Yabaki lile swali la mlangoni. Kwa sitiari yoyote kati ya hizi, jibu la msingi ni moja: seli za uvimbe wake hazina kituo ambacho gari hilo husimama. Halihusu kabila wala bahasha. Kipande cha uvimbe kilichokatwa hupakwa rangi maabara, na mtaalamu huhesabu nguvu ya rangi hiyo kwa alama ya 0, 1+, 2+ au 3+. Kwa miaka mingi wenye 3+, pamoja na wale wa 2+ ambao kipimo cha ziada kiliwathibitisha, waliitwa chanya. Waliobaki wote waliitwa hasi, na faili likafungwa.

Mwaka 2022 neno hasi lilipasuka. Jaribio lile la Enhertu liliwachukua wagonjwa 557 waliokuwa na 1+, au 2+ isiyothibitishwa, ambao saratani yao ilikuwa imesambaa. Waliopewa dawa hiyo waliishi kwa wastani wa miezi 23.4, na waliopewa kemo waliishi miezi 16.8. Vituo vichache vilitosha, kwa kuwa abiria akishuka kwenye kimoja huwafikia na majirani. Kundi hilo la HER2 kidogo ni takriban nusu ya saratani zote za matiti, na lilikuwa limefichwa ndani ya neno moja la ripoti. Muuguzi aliyemweleza mwanamke wa pili kwamba yeye ni hasi hakusema uongo wa wakati wake, lakini neno alilolitumia limezeeka.

Faida ya jambo hilo kwake inategemea hatua ya ugonjwa, bei ya dawa, na kama inapatikana anakotibiwa. Hayo ni ya daktari wake. Lakini kabla ya hayo yote, kipande cha uvimbe wake huhifadhiwa maabara kikiwa kimezamishwa katika nta, na kinaweza kusomwa upya. Mhudumu wa afya anayeketi naye mlangoni anaweza kumtayarisha kwa swali la kliniki ijayo, na amwandikie kwenye karatasi asije akalisahau kwenye foleni: "Daktari, naomba kujua, kwenye ripoti yangu HER2 imeandikwa sifuri, moja au mbili?"